Beberu Niliyemfungua Gunia

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyomfungua beberu wangu gunia bila ruhusa. Nilikuwa bi harusi mgeni huko Hadado, sijamaliza hata mwaka kwa kina mume wangu, na kichwa changu kilikuwa kigumu kuliko unavyonidhania leo.

Wewe umekulia mjini Garissa na umeanza kufuga juzi tu, kwa hiyo ngoja nikueleze. Beberu hufungwa kipande cha gunia chini ya tumbo asipande majike ovyo, ili watoto wazaliwe wakati mvua imenyesha na majani yapo. Nani afunguliwe, na lini, ilikuwa amri ya mama mkwe wangu. Nilimwita eeddo, kama tunavyomwita shangazi, na nilimwogopa kidogo. Mwaka ule alimchagua beberu mfupi, rangi ya vumbi, sikio limechanika. Niliona aibu. Wangu, niliyekuja naye kutoka kwa baba yangu, alikuwa mweupe pepepe, kifua kipana, na wageni walizisifu pembe zake. Nilimlea kwa mkono tangu siku aliyozaliwa, kwa sababu kiwele cha mamake kilikuwa kikavu. Unasikia nilivyosema? Nililijua jambo hilo na sikuliwaza hata kidogo.

Basi eeddo alipokwenda kisimani, nikamfungua. Aliporudi, majike wengi walikuwa wameshapandwa. Hakupiga kelele. Aliwatenga waliobaki kwa beberu wake, kisha akaniuliza, "Mama yake alikuwa anajaza kibuyu?"

"Eeddo, huyu ni dume," nikamjibu, tena kwa kiburi. "Dume ana maziwa gani?"

"Haya, gabadhay, binti yangu. Utaona."

Baada ya miezi mitano wakazaliwa watoto weupe, wanene, na majirani wakanisifu. Nilivimba kichwa, sikufichi. Mitamba wale wakakua, nao wakazaa. Wakati huo nilikuwa nimejifungua binti yangu wa kwanza, nimeugua, maziwa yamenikauka kifuani. Mvua nayo ikakataa. Nilikamua mtamba mmoja baada ya mwingine, na wote pamoja hawakufikisha kibuyu nusu. Mtoto alilia njaa mpaka sauti ikamwisha. Mwanangu, sijawahi kuogopa vile.

Eeddo akaja na kibuyu kilichojaa. Alikuwa amewakamua binti wachache wa yule beberu mfupi, na walikuwa wakila malisho yale yale na kunywa maji yale yale. Alimnywesha mjukuu wake kwanza, ndipo akanigeukia.

"Dume hana kiwele, lakini maziwa ya mama yake anayo ndani, na anawapa binti zake. Wallahi, ulimlea kwa mkono ukasahau kwa nini?"

Nililia kwa aibu. Wiki ile ile nilimpeleka beberu wangu sokoni mimi mwenyewe, na ilinichukua miaka kupata tena majike wa maana.

Siku hizi mjukuu wangu anayesoma chuo hunichorea jambo hili kwenye daftari. Nusu ya urithi hutoka kwa baba, nusu kwa mama, na kuna sifa zinazolala kwa mzazi zikaamka kwa mtoto au mjukuu. Anasema hata mahindi yako hivyo. Anadhani ananifundisha, nami namwacha, ni raha kumsikiliza.

Sasa umenionyesha kwenye simu picha ya beberu unayetaka kumnunua. Ni mzuri, sikatai. Lakini picha haionyeshi kiwele cha mamake. Nenda kwa mwenye mbuzi alfajiri, wakati wa kukamua, umwone huyo mama na dada zake kwa macho yako. Uliza kama watoto wao walivuka ukame. Na binti zake wakifika umri wa kupandwa, badilishana beberu na jirani, asije akawapanda mwenyewe, maana hapo kasoro zilizolala kwa baba na binti hukutana. Ukipata mwenye sura mbaya na mama mwenye maziwa, mchukue, waache watu wacheke.

Mwenyezi Mungu akubarikie majike wenye viwele vizito, na akuepushe na kusikia mtoto wako akilia nawe huna cha kumpa. Amin.