Mahali pa Kuweka Kidevu

Bi Msafi alizaliwa na kinyaa chake. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa kumkejeli, naye akalipokea kama sifa. Kikombe chake cha chai alikifungia kwenye droo ya cherehani. Mteja mwenye jasho akija kupimwa, alimpima uso kaugeuzia dirishani, ndiyo maana makoti yake mengi yalibana kwapani. Lakini watu walimvumilia kwa sababu ya matundu ya vifungo. Aliyashona kwa mkono, madogo, yaliyolingana, na hakuna fundi mwingine mtaani aliyethubutu kushindana naye.

Chumba cha kazi alikitumia pamoja na mdogo wake, mwanamke mcheshi aliyekuwa na mazoea ya kulowesha uzi mdomoni kabla ya kuutunga. Akimsaidia dada yake kutunga sindano, Bi Msafi aliuchomoa uzi, akautupa, akatunga upya.

"Mate ya mtu, siwezi," alisema.

"Na wewe si unalamba vilevile, dada?"

"Yangu nayajua yalikotoka."

Uchafu wenyewe ulikuwa hapohapo, tena wa kuchefua. Vumbi la nguo likimwingia jichoni, na kwa mshonaji huingia kutwa, alilamba ncha ya kidole akazoa nayo unyuzi kwenye kope. Kisha alijifuta kwa kipande cha bitana nyeupe kilichoning'inia kwenye cherehani. Kitambaa hichohicho kilifuta chaki, mafuta ya mashine na shingo yake. Alikifua Jumamosi kwa Jumamosi, na ikifika Ijumaa pembe zake zilikuwa zimekauka kwa tongotongo, ngumu kama ganda. Chokea zilimwota kwenye kope moja baada ya nyingine. Alisingizia jasho la wateja.

Kisukari alikuwa nacho mwaka wa saba. Dawa alimeza akikumbuka, na kila mwaka kliniki walimwandikia barua ya kupimwa macho. Barua ya kwanza aliitii. Alikaa kwenye foleni, mlango ukiwa wazi, akaiona ile mashine. Mgonjwa huweka kidevu kwenye kibakuli cha plastiki, huegemeza paji la uso kwenye utepe, na daktari humulika ndani ya jicho. Mzee aliyekuwa mbele yake alipoinuka, pale penye kidevu pakabaki unyevu unaong'aa. Bi Msafi akatoka, akatema mate mtaroni, akarudi kazini. Barua zote zilizofuata alizifanya karatasi za kukatia mifuko.

"Macho yenyewe hayaniumi," alimwambia mdogo wake.

Mwaka huo wa saba mteja alirudisha koti. Matundu manne ya juu yalikuwa mazuri. Mawili ya chini yalikwenda upande.

"Fundi, hii kweli kazi yako?" aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliouma.

Bi Msafi alifunika jicho la kulia, akalikazia koti jicho la kushoto. Koti likapotea. Aliona kingo tu, katikati pana doa la moshi. Alifunika na kufunua mara tatu, hadi mdogo wake akamvua tepu shingoni na kumshika mkono wakaenda kliniki.

Walimtia matone ya kupanua mboni, akasubiri, akaitwa. Alipofika mbele ya mashine alisita.

"Hapo pamekaa videvu vya watu," alisema.

"Nafuta kwa spiriti kila anapotoka mtu, mama," alijibu muuguzi, na kweli pamba ilikuwa mkononi tayari.

"Siku zote mnafuta?"

"Tangu nianze kazi. Huwa namsubiri mgonjwa atoke, ndipo nafuta."

Bi Msafi hakuridhika. Alitoa bitana yake mkobani ili aitandike juu ya plastiki. Muuguzi akaiwahi, akaishika pembe kwa vidole viwili, mkono kaunyoosha mbali na mwili.

"Hiki ndicho unachofutia macho?"

Alikuwa amekunja pua na kugeuza uso kidogo upande wa dirisha. Bi Msafi aliujua uso ule. Miaka yote alikuwa akiwatazama watu kwa uso huo, naye hakuwahi kutazamwa nao.

Daktari, binti wa umri wa mwanawe, alimulika kwa muda mrefu. Ndani ya jicho la kushoto damu ilikuwa imevuja, na sehemu iliyokufa haingerudi. La kulia lilikuwa limeanza kuvuja. Hilo wangelitibu kwa mionzi ya leza wiki ijayo, naye aishike sukari yake, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa jicho, afute kope kwa maji safi na kitambaa kilichofuliwa, na kile kidole chenye mate alichokitaja mdogo wake kisikaribie tena.

"Ningepimwa ile barua ya kwanza?" aliuliza.

"Ungekuwa unaona kwa yote mawili, mama."

Asubuhi yake alinawa hadi viwiko, akaichoma bitana, akaketi na lile koti. Alijaribu kutunga sindano. Uzi ulipita kando ya tundu mara nane, na mara ya tisa sindano ikamchoma kidole. Mdogo wake aliuchukua uzi, akaulowesha mdomoni, akautunga kwa mkupuo mmoja, akamrudishia.

Ncha ilikuwa bado imelowa. Bi Msafi aliuhisi ule ubaridi kati ya vidole, wa mate ya mtu mwingine, na vidole vikataka kuuchomoa kama zamani. Akalisogeza koti upande wa jicho lililobaki, akaanza kushona.