Kibakuli cha Buluu

Juzi nilipita Kilwa nikakuta makaburi ya kale yamezungushiwa uzio, na kibao kinakataza kugusa mawe. Sasa ndiyo wanakataza. Nilisikia tena harufu ya vumbi la chokaa.

Nilipokuwa mdogo, mwenyekiti wa kijiji chetu cha ujamaa alitutuma watoto tubebe mawe ya ukuta uliobomolewa pale makaburini, ijengwe ofisi. Niliimba njia nzima. Jiwe moja lilikuwa limepachikwa kibakuli cha buluu. Nikakibandua, nikampelekea bibi.

"Umekitoa wapi, mjukuu wangu?"

"Kwenye mawe ya ofisi, bibi."

Alikifuta kwa upindo wa kanga, taratibu.

"Hiki kilikuwa kaburini kwa babu yangu."

Machozi yakamtoka. Nikadhani ni furaha, nikamwahidi kesho nitamletea kingine.