Mtani wangu amerudi na kanga ya mke wangu

Admin, jina langu lifiche, na ile picha yangu ya ng'ombe usiiweke, mjini hapa wanamjua mpaka ng'ombe.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane, naishi Mwanza, nina mke mmoja na meno ambayo idadi yake sitaitaja. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo walimu mliomo humu msianze kunisahihisha, ninaye mwalimu ndani ananitosha. Wanangu, naumwa wivu. Ndiyo, kwa umri huu. Chekeni mmalize, kisha mnisome.

Miaka ile ya tisini, mambo ya ruksa, biashara huria kila kona, yamepamba moto, kiwanda cha kuchambua pamba nilichokuwa nafanya kazi kilipata wenyewe wapya, wakatupunguza. Mchumba wangu, ambaye posa nilishapeleka kwao Magu, alikuwa mwalimu aliyerudi chuoni kujiendeleza, na ndiye alikuwa golikipa wa timu ya wanawake ya chuo. Akaniombea kazi ya kocha msaidizi. Cheo kitamu kukitamka. Mkuu wa chuo alikuwa mama wa kanisani, mpira aliukubali lakini mapaja hakuyakubali, na amri yake ilikuwa moja tu, hakuna kutembea na bukta mbele za watu. Basi wachezaji wanafika mpaka mstarini wamejifunga kanga, wanazivua pale pale, wanaingia uwanjani. Ukocha wangu ulikuwa kuzipokea, kuzibeba mabegani mpaka filimbi ya mwisho, halafu kukimbia kuwafunika kabla mama mkuu hajageuza shingo. Nilikuwa kamba ya kuanikia nguo yenye mshahara.

Kocha mkuu alikuwa Mzaramo kutoka Dar, mrefu, raba nyeupe za mtumba, filimbi shingoni hata akienda kula. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, na mtani mnamjua, anachukua chako, mkeo anamwita mke wake, na ukinuna wewe ndiye unaonekana hukufunzwa kwenu. Siku ya kwanza tu akamtazama golikipa, akanigeukia, akasema, "Msukuma wangu, umenitunzia mke vizuri." Timu nzima ikaangua kicheko, na mchumba wangu alicheka kuliko wote. Na mimi nikacheka. Ningefanyaje?

Kilichoniua ni mechi ya Sengerema. Tulivuka kwa kivuko pale Kigongo, wachezaji wanaimba, mimi nashikilia ndoo ya machungwa isidondoke ziwani. Kufika uwanjani nikasimama mstarini, nikanyoosha mikono, kanga zikaanza kuja. Ya golikipa haikuja. Alinipita kama mti, akampa kocha mkuu. Kanga nyekundu yenye michoro ya korosho nyeupe, niliyomnunulia mwenyewe pale Mkuyuni. Yule bwana akajitanda kichwani kama shangazi wa bibi harusi, uwanja wote ukamshangilia. Wanasema mchumba wangu alidaka penalti siku hiyo. Mimi sikuiona, nilikuwa naiangalia kanga.

Hakuirudisha. Kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi. Siku ya harusi yetu alilala mbele ya gari, anadai arudishiwe mke wake, mpaka tulipomkomboa bibi harusi kwa jogoo. Baadaye akarudi kwao Dar na kanga yake, yaani yetu, na mimi nikapumua miaka mingi.

Mwaka huu amerudi. Mkewe alifariki, anakaa kwa mwanawe huko Mirongo. Jumamosi moja nikasikia hodi, na kabla ya salamu anauliza, "Mke wangu yupo?" Nikamjibu yupo, anampikia mume wake. Akakaa kwenye kiti changu. Kisha akafungua mfuko, akatoa kanga ile ile, imefuliwa, imepigwa pasi. Mke wangu akaipokea kwa mikono miwili, akajifunika nayo uso, akacheka. Kile kicheko nakijua, ni cha uwanjani. Nimezaa naye mapacha, lakini ndani ya nyumba yangu sijawahi kukisikia. Tangu siku hiyo kila Jumamosi jamaa yupo, na kichwa cha samaki, sato, kilichokuwa changu sasa ni cha mgeni, mimi nasukumiwa mkia. Nimerudi kuwa msaidizi, safari hii nyumbani kwangu.

Juzi nikajikaza. Mke wangu anachambua mchele, nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kwa nini siku ile ya Sengerema kanga alimpa yule.

Hakuinua hata uso. "Baba Kulwa, mikono yako ilikuwa imejaa kanga za wenzangu. Na kila anayekupa, unamchekea. Nilisimama mbele yako na yangu, hukuniona."

Nikamwambia ile ilikuwa kazi. Akasema, "Hata mimi nilikuwa mchumba wako," akaendelea na mchele wake.

Wanangu, sikujua kwamba wivu ule ulikuwa wa watu wawili.

Sasa wachezaji wa zamani wanakutana mwezi ujao kupigiana penalti, magoti yakiruhusu. Makocha wote wawili tumealikwa. Mke wangu atakaa golini, na kwa kumkumbuka marehemu mama mkuu, wote wataingia na kanga kama zamani. Yeye atavaa ile nyekundu. Nikamuuliza, safari hii unampa nani? Akasema, "Atakayekuwa ananiangalia mimi."

Hapo ndipo nilipokwama. Wale wachezaji, sasa mabibi wenye wajukuu sijui wangapi, watanijia mstarini kila mmoja na kanga yake, maana hiyo ndiyo kazi wanayonijua nayo. Nikizikataa watasema uzee umeniharibu. Nikizipokea, mikono itajaa tena, na Mzaramo yupo pembeni, mikono mitupu, macho yote mawili. Kugombana naye siwezi, ni mtani, nitachekwa mpaka Busisi, ng'ambo ya kivuko.

Ninyi wenye ndoa, na ninyi mnaojifanya mna akili, niambieni. Siku hiyo nisimame wapi, na mikono yangu niiweke wapi? Ila asitokee mtu wa kuniambia nicheke tu yapite. Nimecheka tangu enzi ya ruksa, taya zimechoka.