Kidole Juu ya Kioo

Karani wa takwimu wa kituo cha utafiti Msambweni haandiki amri kwenye kompyuta kabla hajaiuliza: hugonga alama ya kuuliza, kisha jina la amri, na ukurasa wa maelezo hufunguka. Huusoma akichezesha midomo, kidole kikitambaa juu ya kioo, kama anayemsomea jirani barua. Mwongeli, mgeni kazini, alichoka kumsubiri. Orodha ya shule za kupewa dawa ya kichocho ilitakiwa saa sita, na wastani wa maambukizi wa shule moja ya Majoreni ulikataa kutoka, kwani watoto kumi na wawili hawakuwa na majibu ya vipimo.

"Mama, hizo nafasi tujaze sifuri, tumalize."

"Sifuri maana yake mtoto hana ugonjwa, mwanangu. Hawa hawajapimwa."

Kidole kikashuka hadi mstari unaoeleza namna ya kuwaweka kando wasio na majibu. Akaandika. Wastani ukatoka, ukapita kwa unywele kiwango cha shule kupewa dawa. Kwa sifuri za Mwongeli usingekifika. Karani hakumsimanga. Alichukua kalamu na karatasi.

"Nisomee majina yao. Kesho tuwafuate, wapimwe."

Mwongeli alisoma polepole, kidole chake juu ya kioo.