Meneja na Makochi ya Mwalimu

Fundi Makochi hakuwa mtu wa kuambiwa. Mumewe alipofariki alishika nyundo na mkasi wa marehemu, akaendelea kuvika makochi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Waliosema mwanamke hawezi kuvuta gunia likakaza walikuja baadaye wakakalia kazi yake, wakanyamaza. Chumba cha mbele kilikuwa karakana. Cha nyuma alilala yeye na binti yake. Na kote huko alitawala Meneja.

Meneja alikuwa paka wa kijivu, jike, mnene. Jina alilipata kwa sababu kila kochi likikamilika alikuwa wa kwanza kulipanda na kulikagua, kona hadi kona, kama anatafuta mshono uliopinda. Nje hakutoka. Barabara ya malori ilipita mlangoni kabisa, na paka aliyekuwepo kabla yake Fundi alimwokota kwenye lami kwa koleo. Siku hiyo aliapa haokoti mwingine barabarani.

Sasa paka wa ndani kucha atanoa wapi, na choo atakwenda wapi? Meneja alijiamulia mwenyewe. Choo chake kilikuwa rundo la sponji. Kucha alinolea makochi ya watu. Kochi la mteja mmoja, Nesi, alilichana mkono mzima, na Fundi akalivika upya huku ameuma meno.

Ndipo yakaja makochi ya Mwalimu, ya mahameli ya kijani, kazi kubwa kuliko zote za mwaka ule. Binti akaweka mikono kiunoni.

"Mama, nasema leo, sirudii. Makochi haya yakitoka na mkwaruzo, Meneja anaenda kwa Mjomba."

Mjomba alikuwa na ghala la nafaka. Malori yalikuwa yanaingia na kutoka mchana kutwa.

"Kwa Mjomba atakufa," Fundi alisema.

"Na sisi tutakufa njaa. Chagua."

Binti hakuwa na utani. Alichukua boksi la katoni akalitoboa matundu ya hewa, akaliweka juu ya kabati. Fundi akawa analiona kila akiinua kichwa.

Basi akaenda dukani, akaomba mchanga wa choo cha paka, ulio bora kabisa. Mwenye duka akampa wenye manukato ya maua. Kisha akaketi atengeneze nguzo ya kunolea kucha, na hapo ufundi wake ndio uliomponza. Yeye kitu kisicho na nguo hakukijua. Alichukua mti mfupi, akauzungushia sponji nene, akauvika mabaki ya mahameli ya Mwalimu, na chini akaushonea shada la nyuzi. Nguzo ikapendeza kama kiti cha bwana harusi. Akaiweka kwenye kona, nyuma ya cherehani, isimzuie mtu kupita.

Mchanga wa maua Meneja aliunusa, akakung'uta mguu, akarudi kwenye sponji. Nguzo aliipenda. Akaiparura mpaka ikaanguka. Ilipoanguka akatazama huku na huku, akaona kochi la Mwalimu limevaa nguo ileile, akalifuata.

Fundi alisikia uzi unakatika kabla hajageuka.

"Mama," Binti alisema polepole, "umemfundisha mwenyewe. Umemwambia mahameli ya kijani ndiyo ya kuchana."

"Sikumwambia kitu."

"Na wewe ungeingia choo kinachonuka marashi kama ukumbi wa harusi?"

Fundi alijaza pini mdomoni, jambo alilofanya kila alipojua amekosea. Binti akalishusha boksi, akaliweka sakafuni.

"Mwalimu anakuja keshokutwa," Fundi alisema baadaye. "Mpaka hapo. Akikwaruza tena, nitampeleka mimi mwenyewe kwa mikono yangu."

Usemi huo aliujutia papo hapo, lakini ulishatoka.

Siku ile hakushona. Alikaa akamtazama Meneja. Akaona kwamba akiamka tu hujinyoosha, na anataka kitu kirefu cha kusimamia, kisichoyumba. Akaona tena kwamba kochi likipinduliwa, Meneja hakimbilii nguo. Anakimbilia gunia la chini, lile gumu la kukwaruza. Miaka yote alikuwa anamfukuza hapo bila kumuuliza anataka nini.

Kesho yake akaifumua nguzo. Kipande cha mahameli kilichokuwa kimejificha chini ya shada kilikuwa kizima, akakishona kwenye kochi mahali palipochanika, huwezi kujua. Akatafuta mbao ndefu, akaipigilia kwenye kitako kipana na kizito. Sponji hakuweka. Akaizungushia kamba ya katani, akiivuta kama anavyovuta gunia, mpaka vidole vikawaka. Safari hii aliisimamisha ubavuni mwa kochi, pale pale Meneja anapoamkia. Mchanga wa maua akaurudisha dukani, akachukua laini usio na harufu, akaumimina kwenye beseni pana, mbali na kelele za cherehani. Jioni hiyo Meneja aliingia beseni, akachimba, akafukia vizuri, akatoka na adabu zake. Fundi akapita kwa kunyata, asije akaharibu.

Mwalimu alifika, akapokea shikamoo ya Binti, akaketi, akapitisha kiganja juu ya mahameli. Meneja akaamka. Akashuka, akalisogelea kochi, akainua mikono yote miwili. Fundi pini zilikuwa mdomoni, na pumzi pia. Binti akatazama boksi.

Meneja akageuka, akaikumbatia nguzo, akajinyoosha mpaka akawa mrefu kama sketi ya sista, akaparura kamba kwa raha ya mtu aliyelipwa mshahara.

"Hiyo nini, Fundi?" Mwalimu akauliza.

Fundi alitoa pini moja moja. Mabega yake yalishuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Nguzo ya paka, Mwalimu."

"Kumbe. Mimi makochi ya zamani yaliliwa na paka wangu. Nitengenezee na mimi, lakini uivike mahameli, ifanane na makochi."

Binti akainama haraka, akajifanya anaokota uzi.

"Mahameli sivishi," Fundi akasema. "Ukiitaka ni ya kamba, au uiache."

Makochi yalipobebwa, Binti alikwenda kulitupa lile boksi. Hakuweza. Meneja alikuwa amejikunja ndani yake, amelala.