Baba Yetu Mara Tatu

Kompyuta yetu ya nyumbani, mtaani Mashimoni, niliinunua ikiwa mtumba Soko la Toi, na diski yake ilikuwa inachelewa kuamka. Ukiiwasha, skrini inakuambia hakuna diski, kumbe diski ndiyo kwanza inaanza kuzunguka. Fundi mmoja wa Kawangware alinionyesha dawa: maandishi ya kwanza yakitokea tu, bonyeza kitufe cha Pause mashine isimame, ngoja diski ipate nguvu, ndipo ubonyeze Enter. "Mzee hakimbizwi," aliniambia.

Mama hapendi kuhesabu, kwa hivyo alipima muda kwa sala. Alibonyeza Pause, akasali Baba Yetu polepole, na kila alipofika Amina alibonyeza Enter. Ndani ya diski ile mlikuwa na video pekee ya marehemu baba, akicheka kwenye arusi ya dada yangu. Kila mtu aliniambia nitoe nakala. Nilijibu kesho, mpumbavu mimi.

Mwaka jana Baba Yetu moja haikutosha tena. Zikawa mbili, kisha tatu. Jumapili moja, baada ya kanisa, tulisali mpaka nikashikwa na hasira, nikaizaba mashine kofi mbele ya mama. Diski ikalia tik, tik, kisha ikanyamaza kabisa. Nikazima, nikataka kuwasha upya.

Mama akanishika mkono.

"Wachana nayo," alisema. "Baba yako amechoka kuamshwa."