Maji ya Kwanza

Hebu mwone anavyofika. Ni asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya bonde la Nyamukau, na pale barabara inapopinda kuingia sokoni anatokea mama mmoja wa makamo, kitenge cha kijani, kandambili zimejaa matope. Kichwani hakubeba kitu, mgongoni hakubeba kitu. Lakini mikono yote miwili imekumbatia birika la udongo kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mwenye usingizi na hataki aamke. Vijana wa pikipiki wanamjua. Mmoja anamrushia neno kama kawaida yao:

— Mama Chai! Leo unabeba mutoto wa nani?

Siku nyingine angemjibu kitu cha kuwafanya wenzake wamcheke mpaka jioni. Leo anapita tu, midomo ameikaza, na kicheko kinamfia yule kijana mdomoni.

Huyo ndiye Geneviève. Anakwenda kumtafuta mwanamke aliyemuuzia birika hilo, amuulize jambo moja: kabla yangu lilikuwa la nani? Na ili mwelewe kwa nini swali dogo kama hilo linamtetemesha mtu mzima, sogeeni karibu, tuanzie mahali panapofaa.

Geneviève ni mtu wa Bule, kule Djugu. Alifika Bunia kama wengi walivyofika, kwa miguu, akikimbia vita, na nguo alizovaa tu. Leo ana kibanda cha mbao nyuma ya soko, mabenchi mawili, na mbabula, jiko la makaa lisilozimika tangu kukicha. Chai unaipata kila kona ya mji huu, hilo ni kweli, lakini ni ile iliyochemshwa alfajiri ikafungiwa ndani ya termosi hadi ikawa chungu kama dawa ya minyoo. Kwa Geneviève si hivyo. Ana majani meusi yanayoletwa kutoka mashamba ya upande wa Butembo. Ana mchaichai, ana nanaa, ana maua mekundu ya ngai-ngai anayoyakausha mwenyewe juu ya bati. Na kila chai ina birika lake, hachanganyi hata umbembeleze vipi. Mchaichai anautia katika birika la bati lenye rangi nyeupe ndani, kwa sababu lile halishiki harufu, ukimaliza, limemaliza. Maua mekundu anayaweka kwenye kioo, maana uchachu wake ukikutana na alumini unakuletea ladha ya msumari. Ila majani meusi, hayo yanataka udongo. Udongo mnene, wenye tumbo la mviringo ili majani yapate mahali pa kujinyoosha, na mdomo mfupi usiokojoa mezani.

Ukimkuta anachagua birika sokoni utadhani anachagua mkwe. Analigonga kwa kidole na kulisikiliza. Anapuliza kwenye mdomo wake. Anaingiza mkono hadi kwenye kifundo na kupapasa.

— Udongo iko na kichwa, huwaambia wateja. Haisahau. Ukitia sabuni leo, utakunywa sabuni mpaka Noeli.

Na kwa kuwa udongo hausahau, Geneviève ana desturi anayoiita maji ya kwanza. Birika lolote la udongo linaloingia kibandani, analisuuza, analijaza maji yaliyochemka, analifunika, anangoja kidogo, halafu anakunywa yale maji. Bila majani, bila sukari. Maji humwambia birika limetoka nyumba ya namna gani. Hili lilipikiwa maharagwe. Hili liliwekewa mawese. Mwanzoni watu walicheka sana. Baadaye kicheko kikapungua, kwa sababu vyombo vingi vya sokoni hapa vimetoka mbali, katika vijiji ambavyo leo havina mtu wa kufungua mlango. Geneviève angekunywa, angefumba macho, angesema taratibu: “Huyu mama alikuwa anatia nanaa na chumvi kidogo. Mule ndani kulikuwa na mugonjwa, nasikia mizizi.” Nyumba imeungua, mwenyewe hajulikani aliko, na chai yake bado inazungumza katika kinywa cha mtu mwingine. Mwalimu mmoja alisikia hayo siku moja, akaacha kikombe nusu, na kwa muda mrefu akawa anapita njia nyingine.

Sharti lilikuwa moja. Usijaribu chombo cha nyumba yako mwenyewe. Ulimi, alisema, utakudanganya kwa kukupa kile unachokitamani.

Sasa niwaambie habari ya Tina.

Tina ni mdogo wake Geneviève. Siku ya kukimbia Bule walitembea pamoja, mvua ikinyesha, watu wamejaa njiani, mpaka wakafika kwenye kijito kimoja kabla ya kufika mji mdogo wa Iga Barrière. Hapo Tina akagundua kwamba ameangusha kifurushi chake. “Vuka tu, yaya,” akamwambia dada yake, “niko nakufuata.” Akageuka. Geneviève akavuka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona, akiwa mzima wala akiwa maiti.

Tina naye alikuwa na chai yake, na ilikuwa mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa anachoma tangawizi kwenye makaa hadi ganda liwe jeusi, anaiponda na ganda lake, anatia majani meusi na jani moja la mkaratusi. Hakuna mwingine nyumbani aliyeipenda. Noko Donatien, ndugu ya mama yao, akionja tu alikohoa hadi machozi, na Tina alikuwa akipiga makofi: “Noko, kifua yako iko ya karatasi!”

Huyo Donatien ndiye aliyekuja sasa kusema kwamba matanga yafanyike yaishe.

— Mutu hawezi kukaa katikati, Geneviève. Ao iko, ao haiko. Siku ya posho katekista atasoma marehemu wetu wa Bule. Weye njo mukubwa wa nyumba. Akiita Tina, unaitikia.

Watu wa Bule waliohamia hapa wamejiwekea utaratibu huo wa siku ya posho, ndiyo Jumamosi, katika kanisa lao dogo la mbao. Wengi wamepotea bila kuzikwa, kwa hiyo majina husomwa, na mkubwa wa nyumba hujibu, “Apumzike.” Akishajibu, imekwisha. Hawamwombei tena arudi, hawamtafuti tena, msalaba unasimamishwa. Asipojibu, jina linarudishwa mfukoni, na nyumba inaendelea kungoja. Neno moja tu, basi Tina amekufa.

Geneviève alikuwa amekubali. Kungoja kulikuwa kumemchosha mifupa. Hata kitambaa cheusi alikuwa ameshakishona.

Halafu akanunua birika kwa Emérance.

Emérance ni mwanamke anayekaa pembeni ya soko na vyungu vyake juu ya gunia. Birika lenyewe lilikuwa zuri, tumbo pana, mdomo mfupi, ubavu mmoja mweusi kwa moshi. Geneviève aliuona weusi ule akajua ni chombo kilichotumika miaka mingi. Hakuuliza. Mchana huo mvua ikapiga, wateja wakakimbia, akabaki peke yake akatia maji ya kwanza.

Akanywa. Akakiweka kikombe chini polepole.

Ilikuwa tangawizi iliyoungua. Nyuma yake, kwa mbali, mkaratusi.

Alijiambia, ni ulimi huo, unadanganya. Akamwaga, akajaza tena. Birika lolote, maji ya pili huwa mepesi kuliko ya kwanza. Hata anayeanza kazi leo anajua. Ya pili yalikuwa makali zaidi. Ya tatu yalitoka na rangi, hudhurungi kama chai iliyokaa. Akaingiza mkono ndani, akapapasa kila mahali. Hakuna jani, hakuna ganda, tumbo tupu na laini. Na chini ya ile tangawizi sasa kulikuwa na kitu kingine ambacho si cha chai hata kidogo: harufu ya nguo iliyonyeshewa.

Donatien akaingia anapangusa mvua kichwani. Geneviève alimmiminia tu kutoka birika lile. Mzee akapuliza, akavuta funda.

— Hii ni nini? Ni mayi tu! Majani imekwisha Butembo nzima, ao ni mimi unanifanyia ubahili?

Akacheka. Akavuta funda la pili, na kikohozi kikamshika. Alikohoa akiwa ameinama, ameshika nguzo ya kibanda, machozi yakimtiririka. Kilipomwachia, wakatazamana.

— Mayi imenipita vibaya, akasema.

— Ndiyo, noko.

— Usianze, Geneviève.

— Sijasema kitu.

— Siku ya posho iko palepale.

Akatoka mvuani bila hata kungoja ipungue.

Geneviève akabaki analipapasa birika. Birika lililokauka muda mrefu huwa na ladha ya vumbi na mende. Hili lilikuwa na ladha ya jana. Kwa hiyo mtu alikuwa amelitumia jana, au juzi, mtu anayechoma tangawizi na ganda lake. Tina yu hai, aliwaza, na mikono yake imegusa hapa. Na mimi nataka kumzika. Kulipokucha akalikumbatia birika, akatoka nalo kwenye ukungu, ndiyo asubuhi ile mliyomwona.

Emérance alikuwa anapanga vyungu vyake.

— Mama Chai! Imepasuka? Mi sirudishi makuta, nakuambia mapema.

— Haijapasuka. Nataka kujua, mbele yangu ilikuwa ya nani?

Emérance akajipiga paja kwa kicheko.

— Ya nani tena? Iko mupya! Ni mimi nimeifinyanga, na hii mikono yangu. Weye fundi wa chai, hujui birika mupya?

— Na hii weusi?

— Moshi ya kuchomea. Majani ya ndizi ilikuwa na mayi, upande mumoja ikashika. Chai haijaingia mule hata siku moja. Weye njo wa kwanza.

Geneviève akalitazama birika. Lilikuwa na vuguvugu kidogo. Alijiambia ni joto la mwili wake. Katika maisha yake yote ya kupika chai hakuwahi kukosea namna hiyo, kuona moshi wa tanuru akadhani ni moshi wa jikoni. Lakini hilo halikumuumiza. Alikuwa tayari anafikiria swali jingine, na hakulitaka.

— Udongo ulitoa wapi?

Emérance akaacha kucheka.

— Kwa nini unaniuliza na ile macho? Ni mbele ya Iga Barrière, kwa kijito, njia waliyopita watu wa Bule. Tunaenda wanawake wengi, tunachimba, tunarudi mbio. Udongo ya pale iko laini sana, ungesema mutu amekwisha kuikanda. Akashusha sauti. Lakini miye siendi tena.

— Kwa sababu gani?

— Kila tukifika tunakuta moto. Mawe matatu, majivu iko bado na moto, na maganda ya tangawizi imeungua pale pembeni. Mwenyewe hatumuoni. Tunaita, “Hodi, mama! Hodi!” Kimya. Tukishapanda kilima tukitazama nyuma, moshi imeanza tena.

— Munajua namna gani kama ni mama?

Emérance akafikiri, kidole kwenye kidevu.

— Hata mi sijui. Tunaitaga tu vile.

Geneviève alitaka kwenda kijitoni siku hiyohiyo. Vijana wa pikipiki, walewale wa matani, wakatikisa kichwa mmoja baada ya mwingine. Njia ile juma hilo ilikuwa na habari mbaya, hata wachuuzi walikuwa wamerudia nusu ya njia. Akaenda kwa Donatien akamweleza yote, tangu maji ya kwanza hadi moshi.

— Ni mukimbizi fulani, mzee akasema. Kuna watu wamekaa porini, wamesahau hata kuongea. Anakunywa chai, anamwaga makapi kwa kijito, udongo inashika. Weye mwenyewe njo unasemaga udongo haisahau.

— Na kama huyo mukimbizi ni Tina?

— Angekuja. Si amesema anakufuata?

— Basi kwa nini hakuja, noko?

Donatien akajibu kwa sauti ndogo.

— Mutoto wangu, udongo inaweza kushika ladha ya mutu kwa njia mbili. Iko ile ya kumwagiwa makapi. Na iko ingine.

Hakuitaja ile nyingine. Hakukuwa na haja. Wote wawili walikumbuka kijito kilivyokuwa kimefurika siku ile, na jinsi kingo zake zilivyokuwa zinameguka chini ya miguu ya watu.

Siku ya posho ikafika, kanisa likajaa. Katekista anasoma polepole, maana kila jina lina mtu wake. Lionel wa kina Roger: apumzike. Mama Ornella: apumzike. Sauti zinatoka huku na huku, nyingine nzito, nyingine ya kupasuka. Geneviève amevaa kile kitambaa cheusi. Donatien yuko upande wa kulia, ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza hamsukumi. Amekuwa mtu asiyetaka kuulizwa.

— Tina, wa nyumba ya Geneviève.

Katekista anainua macho. Watu wanageuka kidogo, wale wa mbele na wale wa mlangoni. Akijibu, Tina atapata msalaba na sala zake, kama ni kweli amelala ndani ya udongo ule na amechoka kuita. Lakini kama ameketi pale kijitoni anapuliza moto wake, basi hakuna mtu wa kwao atakayemwita tena hodi. Akinyamaza, anamwachia mlango wazi dada ambaye pengine yuko njiani, au anamnyima pumziko dada ambaye hawezi tena kutembea. Geneviève anavuta pumzi. Katekista anangoja, hana haraka.

Na weye uliyekaa nami mpaka hapa, ungekuwa kwenye benchi ile, na jina ni la mdogo wako, ungeitikia?